Bukoba hadi Muleba kilomita 70: gari la zimamoto na mali yako dukani

Msomaji wetu hufungua ukurasa huu kutafuta bei ya kahawa ya maganda, vanila, maharage na dagaa wa Kemondo. Wiki hii tunamwomba avumilie kidogo. Tunazungumzia gharama isiyoandikwa katika orodha ya bei ya soko lolote la Kagera, ingawa kila mwenye duka anaibeba kichwani kila anapofunga mlango jioni. Ni moto.

Tuanze na hesabu ya barabarani. Kutoka Bukoba mjini hadi Muleba ni karibu kilomita 70, kupitia Rwamishenye, Kyetema na Muhutwe. Gari la zimamoto lililobeba lita 5,000 za maji limebeba tani tano kabla hujahesabu askari, mipira, ngazi na chuma cha gari lenyewe. Gari la namna hiyo halikimbizwi katika milima na kona kama Noah ya abiria. Likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, litafika Muleba baada ya dakika 70, na hapo tumechukulia kwamba simu ilipigwa mara moja, dereva alikuwepo na tanki lilikuwa limejaa.

Moto wenyewe hausubiri dakika 70. Chumba chenye magodoro, viti vya sponji, nguo au bidhaa za plastiki kinaweza kuwaka chote, kuanzia sakafuni hadi darini, katika muda wa dakika tano hadi kumi. Kwa hiyo gari linalotoka Bukoba kwenda Muleba haliendi kuokoa duka lililoanza kuungua. Linakwenda kuokoa maduka ya jirani, kama jirani bado yapo.

Hesabu ya pili ni ya maji, na hii ndiyo wafanyabiashara wengi hawaijui. Gari limefika, askari wamefungua mipira miwili, kila mmoja unatoa lita 400 kwa dakika. Lita 5,000 zitakwisha katika dakika sita na robo. Baada ya hapo gari linaondoka kutafuta maji, wananchi wanaanza kulalamika kwamba zimamoto wamekuja na tanki tupu, na wakati mwingine mawe yanarushwa. Mara nyingi tanki lilikuja limejaa. Kilichokosekana ni haidranti mtaani, yaani bomba la maji ya zimamoto lililounganishwa na mtandao wa mji, ambalo askari hufunga mpira wake na kuendelea kumwaga maji bila kuondoka.

Anayedhani kuwa karibu na kituo cha zimamoto kunatosha, akumbuke Kariakoo. Soko kuu la Dar es Salaam liliungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, na kituo cha zimamoto ambacho kimewapa abiria wa jiji hilo jina la kituo cha basi, Fire, hakiko mbali na hapo. Januari 2022 soko la Karume, Ilala, nalo likateketea. Haya ni masoko ya jiji lenye magari mengi kuliko mkoa wowote. Ndiyo maana tunasema kwamba mfanyabiashara wa Kagera asihesabu magari tu.

Bukoba ina neema yake. Mji uko kando ya Ziwa Victoria na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini maji ya ziwani hayaingii ndani ya gari yenyewe. Pampu hunyonya maji kwa mpira mgumu wa kufyonzea, na kwa vitendo haiwezi kuyavuta kutoka kina kinachozidi mita saba au nane chini yake. Maana yake gari lifike ukingoni kabisa. Gari zito kwenye mchanga laini wa ufukweni linaweza kuzama magurudumu likawa mzigo wa pili. Kifaa kinachofaa hapo ni pampu ndogo ya kubebwa na watu wawili au wanne, yenye injini yake, ambayo huwekwa ukingoni mwa maji na kulijaza gari lililosimama barabarani. Pampu hiyo inafaa pia katika visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako gari halitafika hata likinunuliwa jipya. Huko kambi za wavuvi zina vibanda vya mabanzi na nyasi vilivyobanana, na petroli ya injini za mitumbwi hukaa katika madumu ndani ya vibanda hivyo hivyo. Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo anayeimwagia ndoo ya maji anausambaza moto. Wanaouza petroli visiwani wanahitaji mchanga mkavu na mtungi wa povu au poda karibu na mlango.

Kosa jingine ni kuhesabu gari la uwanja wa ndege wa Bukoba kama gari la mji. Gari hilo liko pale kwa ajili ya ndege. Ndege aina ya ATR 42, yenye urefu unaokaribia mita 23, inahitaji uwanja wenye huduma ya zimamoto ya daraja la 4 kwa viwango vya kimataifa. Gari likienda mjini, daraja linashuka na ndege haiwezi kupokelewa kama kawaida. Na hata lenyewe lina mpaka wake. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilipotua ziwani karibu na uwanja huo, watu 19 walikufa na 24 waliokoka, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Jeshi letu linaitwa la Zimamoto na Uokoaji. Katika mkoa wenye ziwa, neno la pili linadai boti, mitungi ya hewa ya wapiga mbizi na mafuta ya kuendeshea boti, na vyote hivyo vinagombea bajeti moja na magari.

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa mali ya halmashauri za miji, kwa hiyo vilikaa mijini. Sheria ya mwaka 2007 iliviunganisha kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Jeshi ndilo linalokagua majengo ya biashara na kutoa cheti, na mwenye biashara hulipia ukaguzi huo. Wengi huona malipo haya kama kodi nyingine tu. Ushauri wetu ni kwamba ukishalipa, itumie huduma uliyoilipia. Mwulize mkaguzi maji ya karibu yako wapi, gari litaingilia njia ipi, na kama kibanda ulichoongeza mbele ya duka kinaziba njia hiyo. Majibu yake yana thamani kuliko karatasi ya ukutani.

Wapo wafanyabiashara wanaozungumzia kuchanga na kuagiza gari la mtumba kutoka Ulaya au Japani. Wazo si baya, ila waende na fundi. Gari la zimamoto la mtumba huonyesha kilomita chache, na muuzaji atazitaja kwa sauti kubwa. Lakini injini hiyo imenguruma saa nyingi ikiendesha pampu gari likiwa limesimama. Tairi zake zinaweza kuonekana mpya huku mpira ukiwa umezeeka: angalia tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Pampu ijaribiwe kwa kufyonza maji kutoka shimoni, isiwe kwa maji ya tanki lake peke yake. Pampu ikifa na kipuri chake kisipatikane, mmenunua lori la maji kwa bei ya gari la zimamoto.

Kwa maoni yetu, fedha hizo zinafanya kazi kubwa zaidi kwenye matangi. Bati la mita 10 kwa 10 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 2,000. Simtank ya lita 5,000 nyuma ya maduka ni sawa na gari zima la zimamoto ambalo limekwisha kufika. Maduka kumi ya Muleba au Kamachumu yakichangia matangi mawili, pampu moja ya kubeba na mipira, na vijana wanne wakifundishwa kuitumia, zile dakika 70 zina mtu wa kuzijaza.

Mtungi wa dukani nao ununuliwe kwa macho. Wa poda una kipimo: mshale uwe kwenye kijani, na mtungi ugeuzwe mara kwa mara ili poda isigande chini. Wa kaboni dioksaidi kwa kawaida hauna kipimo, kwa hiyo dawa yake ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, na tofauti ndiyo gesi uliyonayo. Stika mpya haizimi moto. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mtungi utajazwa upya wapi: hapa Bukoba au mpaka usafirishwe Mwanza, na duka lako litabaki na nini wakati huo.

Tumalizie na bima, kwani ndiko fedha zinakopotelea kimyakimya. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, masoko ya umma na majengo ya biashara yanatakiwa yawe na bima. Mpangaji asilale usingizi kwa hilo. Bima ya jengo ni ya jengo. Magunia yako ya kahawa na vitenge vyako havimo. Ukikata bima ya mali, usishushe thamani ili ulipe ada ndogo. Mwenye mali ya shs. milioni 20 aliyeandikisha milioni 10, akiunguliwa na mali ya milioni nane, atahesabiwa nusu, yaani milioni nne. Na mhakiki wa bima atakapofika ataomba daftari la mali na risiti za manunuzi. Daftari hilo, kwa wengi tunaowajua, linakaa kwenye droo ya duka hilo hilo. Lipeleke nyumbani leo jioni, na nakala za risiti mwachie ndugu yako wa mtaa mwingine.

Namba ya dharura ni 114. Unapopiga, taja kata, mtaa na jengo linalojulikana, kisha sema kinachoungua ni nini: magodoro, petroli au umeme. Askari atajua apakie nini kabla gari halijatoka.