Skrini Ikiwa Nyeusi, Usiihukumu Haraka



Wapenzi wanafunzi na wazazi, siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka, monita ya ofisi ya madrasa ilibaki nyeusi tii asubuhi nzima. Maswali ya Fiqhi na Sira yalikuwa ndani ya kompyuta, hayajachapwa. Fundi alikuja, akatazama kidogo, akasema monita imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha iliyokuwepo ni ya misahafu ya watoto wadogo. Kabla hatujaitoa, mwanafunzi mmoja alipita nyuma ya meza akaukaza waya. Picha ikarudi! Kompyuta zetu ni waqfu, na majumbani wengi mnazo za mitumba, basi nawaandikia niliyojifunza tangu hapo.

Anza na taa ndogo ya monita. Ikiwa haiwaki kabisa, shida ni umeme: jaribu soketi nyingine, kandamiza plagi ya nyuma, bonyeza kitufe chake. (Kwetu aghalabu ni ufagio uliovuta waya.) Taa ikiwa ya rangi ya chungwa au inawaka na kuzima, au yakitokea maandishi ya Kiingereza kwamba hakuna mawimbi, furahi kidogo. Monita ni hai, ila haipokei kitu.

Hapo zima kompyuta, uchomoe waya wa picha. Ule wa VGA, ambao mara nyingi una kichwa cha buluu, una nafasi za pini 15 katika safu 3. Pini ya 9, safu ya kati, kwenye waya nyingi haikuwekwa tangu kiwandani, usidhani imevunjika. Iliyopinda inyooshwe taratibu. Pini ya 1 hupeleka nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Rangi moja ikipotea, shuku pini yake. Na kama kompyuta ina matundu mawili ya VGA, chomeka kwenye lile la kadi iliyoongezwa.

Bado giza? Azima monita nzima uijaribu. Nayo ikiwa nyeusi, kosa limo ndani ya kompyuta. Ikilia mlio wa kurudiarudia, mara nyingi RAM imelegea au ina uchafu, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Chomoa umeme, itoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, irudishe mpaka vishikizo vijifunge.

Picha ikionekana mwanzoni kisha ikapotea Windows inapofunguka, huenda vipimo vya picha vimeizidi monita. Kwenye Windows XP au 7, bonyeza F8 mara kadhaa inapowaka, chagua Safe Mode, kisha punguza hadi 1024 kwa 768.

Monita bapa imulike tochi kwa ubavu. Ukiona picha hafifu, taa zake za nyuma ndizo zilizokufa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Monita za chogo msizifungue kamwe, hata mkiwa na bisibisi na ushujaa. Ndani yake umeme hupita volti 20,000, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi mwenyewe sizifungui.

Wabillahi tawfiq.