Kusimama, Kulala na Kazi ya Mafigo

Mtu ana mafigo mawili, yenye umbo la haragwe, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kazi yake ni kuchuja damu. Kwa siku moja huchuja maji yapatayo lita 180, lakini karibu yote hurudishwa katika damu. Yatokayo kuwa mkojo ni lita moja au mbili tu.

Mtu asimamapo, damu nyingi hushuka miguuni, na ile iendayo mafigoni hupungua. Mwenye afya hana habari nayo. Lakini mgonjwa wa mafigo, maji yaliyomzidi mwilini hushuka mchana hata miguu ikavimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Alalapo usiku, maji yale hurudi katika damu, mafigo yakaanza kuyatoa, naye huamka mara nyingi kukojoa. Wasiojua husema amekunywa maji mengi jioni.

Tena mafigo yenye ugonjwa hupitisha kitu mfano wa ute wa yai, kilichopasa kubaki katika damu, nacho hutoka zaidi mtu akiwa wima kuliko akilala. Kwa hiyo tabibu hutaka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Maana wako vijana wazima ambao ute huo huonekana mchana tu. Wa asubuhi ukiwa safi, hao si wagonjwa.