Taa ya nyuma ndiyo ngao ya mwenye baiskeli usiku

BIASHARA ya mpakani huanza kabla ya jua kuchomoza. Mwenye ndizi, mahindi au dagaa anayetaka kuwahi soko la Busia au Malaba huwa barabarani tangu saa kumi alfajiri. Barabara hiyo ndiyo inayotumiwa na malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala na Kigali. Katika giza hilo, usalama wa mwenye baiskeli unategemea jambo moja: je, dereva wa lori amemwona?

Baiskeli si ngeni mpakani. Jina la boda boda lenyewe lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Leo pikipiki zimelitwaa jina hilo, lakini baiskeli bado inabeba magunia.

Taa zake zimepitia mabadiliko mengi. Baada ya taa za mafuta zilikuja za karabai, ambazo maji yalidondokea jiwe la kabaidi na kutoa gesi iliyowaka kwa mwanga mweupe. Kisha ikaja dainamo, ile chupa ndogo inayosuguana na tairi. Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na sehemu kubwa ya umeme huo huenda kwenye taa ya mbele.

Dainamo haihitaji betri, lakini ina kasoro zake. Humwongezea mwendeshaji uzito wa kukanyaga, huteleza tairi likilowa, na kubwa zaidi, baiskeli ikisimama taa huzimika. Anayesimama kukaza kamba ya mzigo au kupumzika mlimani hubaki gizani wakati ule ule anapohitaji kuonekana.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na taa za LED. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa mwanga mweupe. Balbu ya zamani hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto. LED hutumia kidogo na kuangaza zaidi. Ndiyo maana taa ndogo inayochajiwa kama simu, au kwa jua, huweza kuwaka kwa saa nyingi, baiskeli ikitembea au ikisimama.

Hata hivyo, wengi hununua taa ya mbele na kuisahau ya nyuma. Taa ya mbele humsaidia mwendeshaji kuliona shimo. Ya nyuma humsaidia dereva kumwona mwendeshaji. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa kwa sekunde mbili tu kabla ya kukanyaga breki, tayari amekwenda mita 44, na lori lenye shehena huhitaji masafa marefu zaidi kusimama.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na kiakisi mwanga chekundu nyuma, na iweze kuonyesha mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma.

Kwa mfanyabiashara, mzigo ndio unaoharibu mpango huo. Gunia la mkaa au mikungu ya ndizi ikifungwa kwenye keria huifunika taa iliyo chini ya kiti, na mara nyingine hata kiakisi cha madigadi. Dawa yake ni kuifunga taa nyekundu juu ya mzigo wenyewe, ikitazama nyuma, na kuikagua baada ya kamba kukazwa. Mzigo ukipita upana wa usukani, kiakisi kila upande humwonyesha dereva mwisho wake.

Taa inayometa huvuta macho haraka, lakini inayowaka mfululizo humrahisishia dereva kukadiria umbali. Ya mbele nayo iinamishwe kidogo ielekee barabarani, kwani LED kali ikimpiga machoni anayekuja, huyo naye haoni.

Taa ikikataa kuwaka, ni heri kusubiri kupambazuke. Soko la leo likikosekana, la kesho lipo.