Sentrali ya Ruzizi: Nyumba Iliyojengwa kwa Ajili ya Maji



Katika fizika tunachora alternateri kwenye ubao, lakini wengi wetu hatujui mashine ile inakaa katika nyumba ya namna gani. Hapa Mudaka tunaona tu nguzo na nyaya, na usiku tunaona kama taa inawaka ao haiwaki. Katika numero hii tunapenda kueleza ujenzi wa sentrali ya Ruzizi ya kwanza, ile iliyoanza kazi mwaka 1958, wakati wa Wabeljiji. Katanga walitangulia: sentrali ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza mwaka 1930 kwa ajili ya migodi ya shaba. Kwetu Kivu, Ruzizi njo sentrali kubwa ya kwanza.

Kwanza, kwa nini pale? Ziwa Kivu liko karibu meta 1.460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu meta 770. Ruzizi inatoka katika moja na kuingia katika lingine, kwa hiyo inashuka karibu meta 690. Zamani sana volkano za Virunga zilifunga njia ya maji upande wa kaskazini, ziwa likapanda mpaka likapata mlango upande wa kusini, hapa Bukavu. Njo maana bonde la Ruzizi ni jembamba na lenye kuta kali. Halafu ziwa lenyewe ni kama pipa kubwa: linaweka maji ya mvua na kuyatoa pole pole hata wakati wa kiangazi. Mjenzi hakuwa na lazima ya kutengeneza ziwa lingine. Alitafuta tu mahali pa kufunga mlango, karibu kilometa 3 toka ziwani.

Sasa tufuate maji yenyewe, hatua kwa hatua.

1. Baraje. Ni ukuta wa betoni unaozuia mto. Una milango ya chuma inayopanda na kushuka. Maji yakizidi, milango inafunguliwa, yakipungua, inafungwa. Kwa hiyo baraje hii inagusa hata kimo cha Ziwa Kivu. Ukuta kama huu lazima ukae juu ya mwamba, sababu maji yanausukuma mchana na usiku. Sisi wanafunzi wa shule ya kikristo tunakumbuka wale wajenzi wawili wa Injili, wa mwamba na wa mchanga.

2. Mlango wa maji na wavu. Mbele ya njia inayopeleka maji kwenye mashine kunawekwa fito za chuma zilizosimama karibu karibu. Kazi yake ni kuzuia miti, majani na takataka.

3. Turbini. Maji yanaanguka, yanazungusha gurudumu, nalo linazungusha alternateri. Hesabu ni rahisi: meta moja ya ujazo ya maji ikishuka meta 10 kila sekunde, inatoa karibu kilowati 98, kabla ya upotevu.

4. Chumba cha mashine. Hapa wengi wanashangaa: kwa nini chumba kirefu hivi kwenda juu, na watu ni wachache? Sababu iko juu, karibu na dari. Pale kuna reli mbili na winchi kubwa inayotembea toka mwisho mmoja mpaka mwingine. Mashine ikiharibika, winchi inainua vipande vyake vizito. Chini, msingi ni betoni nene sana, sababu chuma cha tani nyingi kinachozunguka kinatetemesha kila kitu. Basi, ukubwa ule si wa kujivuna tu. Ni mashine njo iliyopima nyumba.

5. Inje. Transfo zinawekwa inje, sababu zinatoa moto na zina mafuta yanayoweza kuwaka. Zinapandisha volti ili umeme usafiri mbali bila kupotea mingi. Maji yenyewe yanarudi mtoni, hayakupungua hata tone.

Sentrali hii ina mashine nne, zenye nguvu ya karibu megawati 30 zote pamoja. Ndugu yake mdogo, Ruzizi ya pili, ilijengwa chini zaidi na kuanza mwaka 1989. Ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja, chini ya shirika SINELAC.

Sasa turudi kwenye ule wavu. Wajenzi waliupima kwa majani na matawi. Hawakuwazia chupa za plastiki na masashi. Bukavu ni muji wa milima: kila kinachotupwa katika mtaro, mvua inakishusha ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa Ruzizi. Takataka zinafika, zinaziba wavu, zingine zinapita na kuumiza turbini. Mashine inasimamishwa, wafanyakazi wanatoa uchafu kwa mikono. Wakati ule hospitali, mashini ya kusaga unga, na sisi wenye kujitayarisha kwa mtihani, wote tuko gizani.

Tunapenda kulalamika, «umeme umekatwa tena!» Kulalamika kunafaa, sababu mashine zimezeeka na muji umeongezeka sana. Lakini ndugu, chupa iliyotupwa katika mtaro haina mwenyewe, na giza ni la wote. Kila darasa liweke pipa lake, na ukishuka Bukavu, rudi na chupa yako. Fito zile za chuma zimesimama pale kwa ajili yetu; tusizipe mzigo usio wao.