Redio na Betri Zake katika Ukaguzi wa Uwanja wa Ndege

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro umo ndani ya Wilaya ya Hai, na wananchi wengi wa kata zetu hupata riziki kutokana na wageni wanaoupitia. Baadhi ya wageni hao huja na redio za ridhaa, yaani redio za mawasiliano zinazotumiwa na watu binafsi kwa kujifunza na kuzungumza na wenzao duniani, pasipo biashara. Waongoza watalii na wapagazi, ambao mara nyingi huwasaidia wageni kufunga mizigo ya kurudi kwao, wanapaswa kujua namna ya kuvipanga vifaa hivyo. Yanayoelezwa hapa yanamhusu pia mwananchi anayesafiri na redio koli.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kinachoangaliwa zaidi katika ukaguzi ni betri kuliko redio yenyewe. Betri ya lithiamu ikigusana nyaya zake au ikipasuka, huweza kuchemka na kuwaka moto ambao ni mgumu kuuzima. Moto huo ukitokea ndani ya chumba cha abiria, wahudumu wa ndege huuona mapema na kuukabili. Ukitokea katika sehemu ya mizigo, hakuna mtu wa kuufikia. Kwa sababu hiyo, betri za akiba haziruhusiwi kamwe katika begi linalopakiwa chini ya ndege. Ni lazima zibebwe katika mzigo wa mkononi.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, na kipimo hicho hupatikana kwa kuzidisha voti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake. Betri isiyozidi wati-saa 100 hubebwa bila idhini. Inayozidi 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na abiria haruhusiwi kubeba zaidi ya mbili za akiba. Inayozidi 160 haikubaliwi katika mizigo ya abiria. Kwa mfano, betri ya voti 12.8 na ampea-saa 6 ina wati-saa 76.8, hivyo hupita. Ya ampea-saa 12 ina 153.6, hivyo iombewe idhini mapema. Ya ampea-saa 20 ina 256, nayo ibaki nyumbani.

Katika kufunga mzigo, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Ncha za kila betri ya akiba zifunikwe kwa gundi ya karatasi au plastiki, au kila betri iwekwe katika mfuko wake.

2. Redio izimwe kabisa, na ikiwezekana betri yake itolewe ili kitufe cha kuzungumzia kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Kurusha mawimbi ndani ya ndege hakuruhusiwi bila idhini ya rubani.

3. Nyaya zikunjwe na kufungwa. Rundo la nyaya, betri na visanduku huonekana vibaya katika eksirei, na mzigo hufunguliwa.

4. Vigingi vya antena, koleo na bisibisi ndefu viwekwe katika begi linalopakiwa.

5. Begi la mkononi likichukuliwa mlangoni kwa sababu ndege ni ndogo, betri za akiba zitolewe kwanza na kubaki na abiria.

Mkaguzi akiuliza, ajibiwe kwa ufupi na ukweli. Mzaha kuhusu bomu huweza kumkosesha mtu safari na kumfikisha polisi.

Suala la leseni ni tofauti na ukaguzi wa usalama. Kupita kwenye eksirei hakumpi mtu haki ya kurusha mawimbi. Hapa Tanzania leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na vituo vyake hutambulishwa kwa herufi zinazoanza na 5H. Mgeni anapaswa kuomba idhini hiyo kabla ya kusafiri na kubeba nakala yake pamoja na redio, kwani maofisa wa forodha wanaweza kuiulizia.

Wananchi wanaohudumia wageni wanashauriwa kuyakagua haya usiku wa kuamkia safari. Betri iliyosahaulika ndani ya begi kubwa ikigunduliwa uwanjani, begi huzuiliwa huku saa ya ndege ikiyoyoma.