Kisangani: mboga ya bure ya shambani inaweza kuficha sumu

Mvua ikinyesha juu ya shamba lililochomwa, mmea huu unaota wenyewe. Shina lake ni laini, limejaa maji. Maua yake ya rangi ya tofali yameinamisha kichwa kama mtu anayesinzia, na yakikauka yanatoa pamba nyeupe inayobebwa na upepo. Wataalamu wanauita Crassocephalum crepidioides. Ni ndugu wa alizeti, katika kundi dogo lenye aina kama 24 hivi.

Sehemu nyingi za Afrika wanachuma majani machanga na kuyapika kama lengalenga. Mmea umefika hadi Vietnam, ambako wanauita "mboga ya eropleni". Kwa familia isiyo na pesa ya soko, ni mboga ya bure.

Lakini mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba mmea huo unaweza kutengeneza jakobini, sumu inayoujeruhi ini. Tena sumu hiyo inaongezeka mmea ukikosa nitrojeni, yaani chakula kikuu cha majani. Na mbegu hazifanani: kuna zinazotoa sumu nyingi, kuna zinazotoa kidogo sana.

Jambo hilo linatugusa. Mashamba ya Tshopo yanalimwa kwa kukata na kuchoma msitu, na baada ya misimu michache udongo unachoka. Majivu hayarudishi nitrojeni, maana moto umeshaipeleka angani.

Sumu za jamii hii haziui siku ile ile. Ini linaharibika polepole, tumbo linavimba maji, na watu wanaanza kutafuta mchawi. Huko Tigray, Ethiopia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji waliugua na wengine wakafa kwa ugonjwa wa ini. Uchunguzi ulionyesha nafaka yao ilichanganyika na mbegu za gugu lingine la ukoo wa alizeti, Ageratum conyzoides.

Jina la mmea si tatizo kulihakikisha: Yangambi, kilomita kama 100 kutoka hapa, INERA inatunza hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa. Kupima sumu ndiyo kazi ngumu, inadai maabara.

Kwa sasa, anayeila asiifanye mboga ya kila siku, na asichume kwenye udongo uliochoka. Kuichemsha tu si kinga ya kutegemea. Wamama wenye mimba, watoto wadogo na wagonjwa wa ini waiache kabisa. Sombe na matembele vipo.