Shangazi akisema anatuma mashine ya masikio kutoka majuu, mwambie angoje kwanza

SI unajua zile simu za Jumapili jioni? Unampigia shosho kijijini, unamwambia utafika Ijumaa, naye anakuuliza, "Utashika nini?" Unarudia. Unapaza sauti hadi matatu nzima inajua ratiba yako ya wiki. Mwishowe shosho anasema "sawa, sawa," na wewe unajua kabisa hajasikia kitu.

Kwetu simu hizo zilimfikia shangazi aliye Minnesota, Marekani. Naye, kama mashangazi wengi wa majuu, akasema hicho ni kitu kidogo. Angenunua mashine ya masikio kwa mtandao, kutoka duka fulani la bei ya kutupa, kisha ampe mtu anayekuja Disemba.

Kweli zilifika, zimefungwa vizuri kwenye kisanduku cheupe. Shosho akazivaa Krismasi. Kila kifuniko cha sufuria kilichoanguka jikoni kilimfanya aruke. Kila mjukuu aliyemkumbatia, mashine zilipiga mluzi. Kufikia Mwaka Mpya zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na nyuzi na vifungo vya mashati.

Kama una mzee nyumbani ambaye husikii akijibu hodi, huenda familia yenu iko karibu kufanya kosa hilo hilo. Soma hapa kabla pesa hazijatoka.

Shangazi hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alikuja na wazo jipya: Costco. Ikiwa huna mtu majuu, Costco ni msururu wa maduka makubwa ya jumla ambako huingii bila kadi ya uanachama. Kadi ya kawaida Marekani ni dola 65 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh8,000. Watu huenda huko kununua mchele wa gunia, sabuni ya miezi sita na hata tairi za gari. Ndani ya mengi ya maduka hayo kuna pia kituo cha masikio.

Bei ndiyo huvuta watu. Jozi ya mashine za kisasa huuzwa huko kwa kati ya dola 1,500 na 1,600, karibu Sh200,000. Ni pesa nyingi, ndiyo, lakini katika kliniki za kibinafsi huko huko Marekani jozi mara nyingi hupita dola 4,000. Na Medicare, bima ya serikali ya wazee, katika mpango wake wa kawaida hailipii vifaa hivi. Kwa hivyo si ajabu wazee wengi wa Marekani huishia Costco.

Shangazi alipopiga simu kuagiza, swali la kwanza aliloulizwa ni: mwenye masikio atakuja lini? Akasema yuko Kenya. Akaambiwa kwa upole kwamba bila yeye hakuna la kufanya.

Mwanzoni tuliona ni maringo. Baadaye tukaelewa kwamba pale ndipo siri ya ile bei ilipo.

Sikio linalozeeka halipunguzi sauti zote kwa kipimo kimoja kama redio iliyoshushwa volume. Mara nyingi sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Hizo ndizo hubeba herufi kama s, f na sh. Irabu zinabaki, konsonanti zinayeyuka. Ndiyo sababu "nitafika" inakuwa "nitashika", na ndiyo sababu shosho husema, "Nakusikia lakini sikuelewi." Hadanganyi. Ukipayuka unaongeza irabu tu.

Kwa hivyo mashine nzuri haiongezi kila kitu. Inaongeza kile ambacho sikio hilo limepoteza, kwa kiasi kile kile. Ili kujua kiasi hicho, mtaalamu humwangalia mtu ndani ya sikio, kisha humkalisha mahali pa kimya, akamvalisha spika za masikioni na kumpigia milio ya aina mbalimbali, mizito na myembamba. Kila anaposikia anabonyeza kitufe. Matokeo huchorwa kwenye grafu, sikio la kulia na la kushoto kivyake.

Mashine hupangwa kwa kompyuta kufuata grafu hiyo. Mtaalamu makini huingiza pia kimrija chembamba sikioni, mashine ikiwa imevaliwa, apime sauti inayofika karibu na kiwambo. Baada ya wiki kadhaa mtu anarudi na malalamiko yake: sahani zinanipigia kelele, kanisani sisikii mhubiri. Mipangilio inarekebishwa tena.

Costco hutoza bei moja kwa mambo hayo yote. Kupimwa ni bure kwa wanachama, kurudi kurekebishiwa na kusafishiwa ni bure, na mtu ana siku 180 za kurudisha mashine akiona hazimfai. Sasa ukiweka mashine hizo kwenye begi la mtu anayekuja JKIA, umeleta plastiki na betri. Huduma imebaki Minnesota. Costco haina duka hata moja barani Afrika. Tena baadhi ya mashine zinazouzwa huko hupangwa kwa programu ambayo mtaalamu wa hapa huenda hana, kwa hivyo hata ukimpelekea atakurudishia mikono mitupu.

"Lakini siku hizi si zinauzwa bila kupimwa?" Kweli. Tangu Oktoba 2022 sheria ya Marekani inaruhusu mashine fulani kuuzwa bila cheti cha mtaalamu. Lakini soma maandishi kwenye kisanduku: ni za watu wa miaka 18 na zaidi, wenye tatizo dogo au la wastani. Mjomba anayepitwa na maneno machache hotelini kukiwa na kelele zinaweza kumfaa. Mzee asiyesikia mlango ukigongwa, hapana. Mtoto, kabisa usijaribu.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mpeleke mzee hospitali kabla ya kuwaza duka. Huenda ni nta tu imeziba. Na kama sikio linauma, linatoa usaha, au limeziba ghafla upande mmoja, hiyo ni kazi ya daktari, tena haraka.

Pili, kama shosho ana safari ya kumtembelea shangazi kwa miezi kadhaa, hapo Costco ina maana. Mwambie shangazi apange miadi ya wiki ya kwanza kabisa. Mashine huagizwa na kusubiriwa, kisha kuna kurudi kurekebishwa. Mzee akipimwa wiki mbili kabla ya ndege, mmerudi palepale. Na kabla ya kulipa, muulizeni mtaalamu iwapo mashine hiyo inaweza kurekebishwa na mtu mwingine nje ya duka, na muondoke na nakala ya ile grafu.

Tatu, chagueni betri mkifikiria kijiji. Mashine za kuchaji ni tamu mahali ambapo stima hazipotei siku mbili. Za betri ndogo zina usumbufu wake, lakini saizi zake ni zile zile duniani kote na zimepewa rangi: kibandiko cha kahawia ni 312, cha machungwa ni 13. Kariri rangi ya shosho wako.

Nne, kama hakuna safari, mwambie shangazi atume pesa, asitume mashine. Uliza kliniki bei ya jumla, si ya kifaa pekee: kupima, kupanga, na ziara ngapi za kurudi? Hospitali kubwa za umma kama Kenyatta zina kliniki za masikio, pua na koo. Na mzee akiwa amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anaweza kuliomba vifaa vya usaidizi.

Sisi tulichagua hiyo ya nne. Shosho alitolewa nta kwanza, kisha akapimwa. Pesa za shangazi zilitosha sikio moja, la pili tukaliahidi mavuno yakija. Zile za mkebe wa biskuti tulizibeba pia. Mtaalamu alizigeuza mkononi, akasema hizi zinaongeza kila kitu na hazina pa kurekebishiwa.

Hapo kazi ikawa yangu, na kwenu itakuwa yako, kwa sababu kijana wa nyumbani ndiye fundi. Nilijifunza kubadilisha betri, kupangusa nta na kumshauri avae saa chache kwanza, sebuleni, kabla ya sokoni. Ubongo uliokaa miaka kwenye kimya unahitaji wiki kadhaa kuzoea kelele za dunia. Nilimfundisha pia kuinua simu kidogo, juu ya sikio, ambapo mashine inashika sauti.

Wiki ya nne nilimpigia nikiwa kwenye matatu. Kwa mazoea nikajaza kifua pumzi na kupayuka: "Shosho, nitafika Ijumaa!"

"Wee, mbona unanipigia kelele?" akajibu. "Nimesikia. Ukija, kuja na sukari."